Ploti Hii Inaruhusiwa Kujengwa Nini? Mwongozo Kamili wa Kanda za Ardhi na Bei Zake Nairobi

Dada yangu na mumewe walinunua mezoneti kwenye kichochoro kimoja cha Kilimani. Walichokilipia hasa ni utulivu: mjakaranda mbele ya geti, watoto wa majirani wakiendesha baiskeli barabarani, na jua la kutosha kwenye kamba ya nguo. Mwaka wa tatu, kibao kikatundikwa kwenye ua wa jirani. Shemeji alikipita kila asubuhi akienda kazini, akidhani ni tangazo la fundi. Kumbe lilikuwa tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi. Alipokuja kulisoma, siku za kuwasilisha pingamizi zilikuwa zimekwisha.

Leo pana jengo la ghorofa 14 pale, upande wa magharibi, na kufikia saa nane mchana kamba ya nguo imeshaingia kivulini. Walipotaka kuipangisha nyumba, watu wawili walikuja, wakatazama juu, wakaondoka. Lakini kila mwezi broka humpigia dada simu, na bei anayoitaja imepita mbali ile waliyonunulia. Broka huyo hana haja na nyumba. Anataka ardhi iliyo chini yake.

Nyumba ilishuka thamani, ardhi ikapanda, na yote mawili yalitokana na jambo moja: kile kilichoruhusiwa kujengwa kichochoroni. Tangu hapo nimetumia muda mwingi kuelewa ruhusa hizi hutoka wapi, na nimewasindikiza ndugu na marafiki kadhaa wakikagua ploti kabla ya kununua. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka kununua, kujenga, kuuza, au kuilinda tu nyumba aliyo nayo.

Kanda huamua nini hasa

Mji hugawanywa katika kanda, au zoni kama wengi wanavyosema, na kila kanda ina masharti yake. Watu wengi hudhani masharti ni kama hapa ni makazi na pale ni biashara, basi. Hilo ni sehemu ndogo. Kanda husema pia ploti isikatwe iwe ndogo kuliko kiasi gani, jengo lifunike sehemu gani ya ardhi, jumla ya sakafu zote iwe kiasi gani, jengo lipande hadi ghorofa ngapi na likae umbali gani kutoka mpakani.

Katika hayo, mawili ndiyo yenye pesa. La kwanza ni eneo la kufunikwa, yaani asilimia ya ploti inayoweza kukaliwa na jengo pale chini. Kama ni asilimia 35, basi asilimia 65 inabaki wazi kwa maegesho, bustani na hewa. La pili ni uwiano wa ploti: ukijumlisha sakafu za ghorofa zote, zisizidi mara ngapi ukubwa wa ploti yenyewe. Uwiano wa asilimia 100 kwenye ploti ya mita za mraba 1,000 unakupa mita 1,000 za sakafu, uzigawe upendavyo kati ya ghorofa mbili au tano. Ukiyashika mawili haya, umekishika kiini cha bei ya ardhi Nairobi.

Mstari wa zamani kati ya magharibi na mashariki

Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na tangu enzi za ukoloni uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji na vilima vyenye hewa baridi, kwenye viwanja vya ekari nzima. Wahindi walipewa Parklands, Ngara na Pangani. Waafrika walisukumwa mashariki kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi: Pumwani, Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Makongeni. Mpango mkuu wa 1948 uliuendeleza mji juu ya msingi huohuo. Uhuru ulipokuja, kigezo cha rangi kiliondolewa lakini ukubwa wa viwanja ulibaki. Ndiyo maana hadi leo Karen ardhi huhesabiwa kwa ekari na nusu ekari, na Eastlands huhesabiwa kwa futi.

Naligusia hili kwa sababu linaathiri bei moja kwa moja. Udongo mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, hivyo msingi wake ni ghali. Na mtaa uliopangiwa viwanja vidogo tangu mwanzo ulipangiwa pia mabomba membamba na barabara nyembamba. Dandora, kwa mfano, ilianza miaka ya 1970 kama mradi wa viwanja 6,000 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, watu wakipewa ploti yenye maji na maji taka ili wajijengee nyumba za chini. Leo ghorofa zimesimama juu ya mabomba yaliyowekwa kwa hesabu ile ya zamani.

Hatua ya kwanza: jua ploti iko kanda gani

Mwongozo ambao wapangaji miji wa Nairobi wameutumia kwa miaka mingi ni wa mwaka 2004, uliotolewa na baraza la jiji la wakati huo. Unaugawa mji katika kanda zinazokaribia 20. Kilimani, Kileleshwa, Riverside, Thompson, Woodley na Spring Valley zimo katika kanda ya 4. Humo, penye bomba la maji taka, eneo la kufunikwa ni asilimia 35 na uwiano wa ploti ni asilimia 75, na fleti zisizidi ghorofa nne. Pasipo na bomba hilo, vyote viwili vinashuka hadi asilimia 25.

Soma tena mstari huo wa mwisho. Ploti mbili zinatazamana barabarani, udongo mmoja, mtaa mmoja, lakini moja ina maji taka na nyingine ina shimo la choo. Ya kwanza inaruhusiwa sakafu mara tatu ya ile ya pili. Kwa hiyo ukifika kwenye ploti, swali la kwanza liwe maji taka yanaenda wapi. Tafuta mifuniko ya mashimo ya bomba barabarani, kisha thibitisha kwa kampuni ya maji kama ploti yako imeunganishwa au inaweza kuunganishwa.

Sasa utaniuliza: mbona Kilimani imejaa majengo ya ghorofa 15 na zaidi? Swali hilohilo limefika kortini. Kuna mpango mkuu wa jiji wa 2014 hadi 2030, uliotengenezwa kwa msaada wa Japani, na baadaye kaunti ikaandaa sera mpya ya kudhibiti ujenzi inayoruhusu majengo marefu zaidi. Wakazi wa Rhapta Road, Westlands, waliyapinga majengo marefu mtaani kwao, na kesi ikapanda kutoka Mahakama ya Mazingira na Ardhi hadi Mahakama ya Rufaa. Mzozo mzima ulihusu kanuni ipi ndiyo halali. Kwako wewe mnunuzi, maana yake ni hii: usikubali neno la broka kwamba hapa ghorofa 20 ni ruhusa. Nenda City Hall, makao makuu ya kaunti, idara ya mipango miji, ukiwa na nambari ya ploti, uulize kwa maandishi ni kanuni gani inatumika kwa ploti hiyo leo. Jibu la mdomo halikusaidii kitu mahakamani wala benki.

Hatua ya pili: soma hatimiliki, hasa ukurasa ambao watu huuruka

Watu wakipewa hati hutazama jina, nambari na muhuri. Fungua masharti maalum. Kwenye hati nyingi za ukodishaji za Nairobi utakuta sharti kwamba ardhi na majengo yatumike kwa nyumba moja ya makazi ya mtu binafsi, na biashara hairuhusiwi. Hati ya namna hiyo inauzwa kila wiki kwa watu wanaopanga kujenga fleti 40, na wengi wao hawajaisoma.

Angalia pia miaka iliyobaki. Ardhi nyingi ya jiji ilitolewa kwa miaka 99, na mingine ilianza kuhesabiwa kabla ya uhuru. Ukodishaji uliobakiza miaka michache hauwezi kubeba mkopo mrefu. Benki hukataa, na mnunuzi wa fleti yako naye atakataa, kwa sababu umiliki wake unaning'inia kwenye miaka hiyohiyo. Mmiliki ambaye muda umemkaribia huomba uongezwe mapema, kabla haujaisha, na ombi hilo huchukua muda na pesa. Ingiza gharama hiyo kwenye bei unayotoa.

Fanya upekuzi rasmi kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa mwaka 2021 kuanzia hapa Nairobi. Kisha mtafute mpima ardhi mwenye leseni achukue ramani ya upimaji kutoka ofisi za upimaji kule Ruaraka, na mwende naye kwenye ploti mkahesabu bikoni, yaani alama za mpaka, moja baada ya nyingine. Usikubali kuoneshwa bikoni kwa kidole kutoka barabarani. Nimewahi kuona ploti ambayo ua ulikuwa umeingia mita tatu kwenye barabara ya umma, na muuzaji alikuwa ameziuza mita hizo pia.

Hatua ya tatu: mistari isiyoonekana

Hata kanda ikiruhusu na hati ikiwa safi, kuna mistari mingine inayopita juu ya ploti.

Mto ndio mkali kuliko yote. Kanuni za maji zinataka hifadhi ya kingo isiyopungua mita 6 na inayoweza kufika mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka pale mafuriko makubwa yalipofika. Agosti 2018 jengo la South End kwenye Langata Road na Ukay Centre kule Westlands yalibomolewa kwa kujengwa juu ya njia ya maji, na yote mawili yalikuwa na wapangaji na biashara ndani. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru watu waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame. Kwa hiyo ploti inayogusa Mathare, Ngong, Kirichwa au kijito chochote kisicho na jina uihesabu baada ya kutoa mita hizo. Ploti ya nusu ekari kando ya mto inaweza kuwa robo ekari ya kujengea. Na nenda kuitazama wakati wa masika. Kiangazi mto huwa mpole na huna utakachojifunza.

Barabara nayo ina hifadhi yake, na ramani ya upanuzi haioneshi huruma kwa ukuta wako. Waulize wenye barabara husika, za mijini au za kitaifa. Nyaya kubwa za umeme zina njia ambayo hairuhusiwi kujengwa chini yake. Karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, na kule Eastleigh karibu na kambi ya jeshi la anga, kimo cha jengo kinahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Ukikuta ploti South C kwa bei ambayo haieleweki, huenda kimo ndicho kilichoipunguza.

Hatua ya nne: piga hesabu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo bei inapozaliwa. Chukua ploti ya nusu ekari Kileleshwa yenye maji taka. Nusu ekari ni mita za mraba 2,023. Bei nitakazotumia ni za mfano. Weka zako unapokaa na kikokotoo.

Kwa uwiano wa asilimia 75, sakafu zote ni mita 1,517. Toa sehemu ya tano kwa ngazi, korido na kuta, inabaki kama mita 1,214, yaani fleti 12 za mita 100. Tuseme kila moja itauzwa shilingi milioni 12. Mauzo yote ni milioni 144. Ujenzi kwa 50,000 kila mita ni kama milioni 76. Wasanifu, wahandisi, vibali na riba ya benki, tuseme sehemu ya tano ya ujenzi, ni milioni 15. Mjenzi anataka faida ya asilimia 15 ya mauzo, kama milioni 22. Ukitoa vyote hivyo, kinachobaki kulipia ardhi ni karibu milioni 31.

Sasa ploti ileile, lakini mtu amepata ruhusa ya uwiano wa asilimia 300. Sakafu ni mita 6,070, fleti 48, mauzo milioni 576. Jengo refu linahitaji lifti, maegesho ya chini ya ardhi na msingi mzito, kwa hiyo ujenzi tuuweke 55,000 kwa mita: milioni 334. Gharama nyingine milioni 67. Faida milioni 86. Kinachobaki kwa ardhi ni karibu milioni 89.

Hakuna kilichobadilika kwenye udongo. Milioni 58 za tofauti ni za karatasi. Angalia pia kwamba sakafu ziliongezeka mara nne lakini thamani ya ardhi haikufika hata mara tatu, kwa sababu kujenga juu ni ghali zaidi. Broka hukwambia kwamba ghorofa mara mbili ni bei mara mbili. Si hivyo.

Matumizi ya hesabu hii ni moja: kutenganisha ruhusa na tumaini. Muuzaji wa Kileleshwa akitaka milioni 90 na ploti yake bado ina sharti la nyumba moja, anakuuzia ruhusa ambayo yeye mwenyewe hana. Ukikubali, umemlipa kwa kazi ambayo utaifanya wewe, kwa hatari ambayo utaibeba wewe. Mwambie utalipa bei ya ruhusa iliyopo, au muandikiane mkataba ambao sehemu ya pesa inalipwa baada ya matumizi kubadilishwa. Mawakili wa ardhi wanaijua mikataba ya namna hiyo. Muuzaji akikataa, angalau umejua unachonunua.

Hatua ya tano: tazama mtaa unaelekea wapi

Kanda zikiandikwa hubaki pale, lakini biashara haikai kungoja. Eastleigh ilikuwa mtaa wa makazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuka vyumba vya maduka, wafanyabiashara Wasomali wakaifuata kwa majengo mengine, na bei ya ardhi ikapanda kabla ya karatasi yoyote ya ruhusa kuwafikia. Upper Hill ilikwenda kinyume: ilikuwa na bangalo zenye bustani, jiji likaifungulia maofisi, na minara ikaja kabla barabara na mabomba hayajapanuliwa. Anayefanya kazi Upper Hill anajua saa kumi na moja jioni ilivyo.

Tembea mtaani kwa miguu, si kwa gari. Hesabu mabango ya kubadilisha matumizi. Hesabu nyumba za zamani ambazo madirisha yameng'olewa lakini lango linalindwa, maana hizo zimeshauzwa. Ongea na mlinzi wa zamu ya usiku, atakwambia lori la kubeba maji taka huja mara ngapi kwenye fleti mpya. Likija kila wiki, bomba limezidiwa, na siku moja kaunti au mahakama itasimamisha vibali vipya. Buruburu tazama nyumba za pembeni mwa Mumias South Road: zilizofungua maduka mbele zina thamani tofauti kabisa na zile za ndani, ingawa zilijengwa na kuuzwa kama mali ya aina moja.

Onyo moja: ruhusa ya jirani si ruhusa yako. Inasaidia hoja yako kwamba sura ya mtaa imebadilika, basi.

Hatua ya sita: kubadilisha matumizi

Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ndiyo inayosimamia. Utamwajiri mpangaji miji aliyesajiliwa. Si fundi, si mchoraji, si broka. Yeye huandika maelezo ya mpango: ploti ilivyo, inavyotakiwa iwe, magari yatapita wapi, maji yatatoka wapi. Mtaweka tangazo magazetini na kibao kwenye ploti, majirani wapewe muda wa kutoa maoni, kwa kawaida siku 14. Maombi huwasilishwa mtandaoni kwenye mfumo wa kaunti pamoja na hati, upekuzi, ramani ya upimaji na risiti za reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, zilizolipwa. Ukiwa na deni la reti, hakuna anayekusikiliza.

Kaunti inapaswa kukujibu ndani ya siku 60: kukubali, kukubali kwa masharti, kuahirisha au kukataa na kutoa sababu. Sheria inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku hizo, ruhusa inachukuliwa kuwa imetolewa. Nakushauri usiuweke msingi juu ya kimya hicho. Benki haitakukopesha juu yake, na kanjo, askari wa kaunti, wakija kwenye eneo la ujenzi wanataka karatasi. Andika barua ya kukumbusha, mwache wakili wako aifuatilie. Ukikataliwa, una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya masuala ya upangaji, na kutoka hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Barua ya kukubaliwa si mwisho. Lazima ikaandikishwe kwenye hati. Kwa ardhi ya ukodishaji, mara nyingi unairudisha hati ya zamani na kupewa mpya yenye masharti mapya, na utalipia. Watu wengi huishia na barua ya City Hall kwenye droo huku hati ikiendelea kusema nyumba moja ya makazi. Siku ya kuuza, wakili wa mnunuzi huiona. Baada ya hapo ndipo ramani za jengo, leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na usajili wa mradi kwa mamlaka ya ujenzi, NCA, hufuata.

Kuanza kujenga bila ruhusa ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Kwa mtu anayejenga jengo la mamilioni, faini hiyo inaweza kuonekana nafuu, na kuna wanaoihesabu hivyo. Wakumbuke mtaa wa Huruma, Aprili 2016, jengo lililoanguka usiku wa mvua kando ya mto na kuua zaidi ya watu 40. Halikuwa na kibali. Waliolala ndani hawakuwa na njia ya kuijua ruhusa ya nyumba waliyokodi.

Reti nazo zimebadilika. Nairobi ilitumia daftari la thamani la 1982 kwa karibu miaka 40, ndiyo maana watu wengi wa zamani walilipa kidogo. Hesabu mpya hufuata thamani ya ardhi tupu, bila kujali una bangalo au mnara juu yake. Mzee mstaafu aliyebaki kwenye nyumba moja katikati ya minara atalipa reti zinazofuata bei ya ardhi ambayo hana nia ya kuiuza.

Hatua ya saba: kama wewe ndiye jirani

Hii ndiyo ningetaka shemeji angeijua. Kibao kikitundikwa, kipige picha siku hiyohiyo, pamoja na tarehe. Hesabu siku zako kutoka hapo. Andika barua kwa afisa aliyetajwa kwenye tangazo, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Barua isilalamike kwamba mtaa unaharibika. Iseme mambo yanayopimika: uwiano wa ploti unaoombwa ni huu, kanda inaruhusu huu; bomba la maji taka lilifurika tarehe fulani na picha hizi hapa; barabara ina upana wa mita kadhaa na magari ya zimamoto hayawezi kugeuka; kivuli kitafunika nyumba hizi tatu. Sainini pamoja kama chama cha wakazi. Barua moja yenye saini 30 na vipimo ina uzito kuliko barua 30 za hasira.

Kuna mlango wa pili. Mradi mkubwa unahitaji leseni ya mazingira, na wataalamu hutuma vijana kubisha magetini na fomu za maswali kwa majirani. Usimfukuze kijana huyo, na usimsainie karatasi tupu kwa kumhurumia jua. Kaa naye, jaza maoni yako kwa mkono wako mwenyewe, piga picha fomu. Leseni ikitolewa na hukuridhika, una siku 60 kwenda kwenye Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira. Na kama kwenye fomu zilizowasilishwa pana saini yenye jina lako ambayo hukuweka, hilo ni jambo la kulisema mbele ya mahakama kabla ya yote.

Dada bado yuko Kilimani. Mwezi uliopita broka alipopiga, alimwomba kwanza nakala ya ruhusa iliyoandikishwa kwenye hati ya ploti ya jirani, kisha akakaa mezani na kikokotoo na karatasi, akaanza na mita za mraba.